Oveni ndogo ya mezani wakati wa Pesach: pima kimo kwanza

Oveni ya mezani ya lita 20 hivi ina moto wa kutosha kupika mlo mzima wa Pesach, Pasaka ya Wayahudi. Kinachopungua ni kimo. Kutoka wavu wa chini hadi koili za juu mara nyingi hupati zaidi ya sentimita 15, na keki ya mayai ikishaumuka, au kuku mzima akilazwa chali, pengo lililobaki ni la vidole viwili. Hapo juu huungua na katikati hubaki kubichi, kisha lawama zote anapewa aliyepika. Chukua rula kabla ya kupanga menyu. Toa unene wa chombo, toa kiasi chakula kitakachoumuka, na hakikisha zimebaki sentimita 5 tupu chini ya koili. Kisichoingia katika hesabu hiyo kipikwe kwenye sufuria.

Wengi wanaopikia oveni hizi kipindi hiki wamezinunua kwa Pesach tu, nazo hukaa ndani ya boksi mwaka mzima. Sababu ni chachu. Katika siku hizo, saba nchini Israeli na nane kwingineko, hakiruhusiwi chochote cha ngano, shayiri, rai, speliti au oti kilichopata kuumuka, hata chembe. Oveni ndogo iliyotumika kuchomea mkate imejaa makombo mahali usipofikia: nyuma ya koili, kwenye bawaba za mlango, chini ya trei ya makombo. Kwa hiyo marabi wengi hawashauri kujaribu kuitakasa. Oveni kubwa ya jikoni ina njia yake ya kawaida, yaani kusafishwa mpaka ing'ae, kukaa saa 24 bila kutumika, kisha kuwashwa moto wa juu kabisa kwa saa nzima. Kama rabi wako anakuruhusu kufanya hivyo kwa hii ndogo, sawa, lakini trei na wavu vinunuliwe vipya. Trei yenye mipako isiyoshika chakula haistahimili moto wa kuitakasa.

Oveni mpya nayo ina lake. Koili hutoka kiwandani zikiwa na mafuta. Iwashe tupu kwa moto wa juu kabisa dakika 30, madirisha wazi, siku kadhaa kabla ya sikukuu. Ukiruka hatua hii, mlo wa kwanza utanuka kama karakana. Ichomeke moja kwa moja ukutani: oveni ya wati 1,500 huchemsha waya mwembamba wa ekstensheni, na wakati wa Pesach itawaka saa nyingi mfululizo.

Kisha nunua kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza. Thamostati za vidude hivi husema nyuzi 180 huku ndani kukiwa 160 au 205, na zote mbili zinaweza kutokea ndani ya robo saa, kwa sababu koili hujizima na kujiwasha kwa vipindi virefu. Weka kipimajoto katikati ya wavu na uandike namba ya chini kabisa na ya juu kabisa. Wastani wake ndio joto lako halisi. Taa inayoonyesha koili zinawaka ikizima mara ya kwanza, usiingize chakula. Hewa imepata moto ila kuta bado, na ukifungua mlango joto lote linatoka kwa pumzi moja. Subiri izime mara ya tatu.

Foili ni rafiki hapa, mradi isiguse koili wala isifunike trei ya makombo. Karatasi ya kuokea ikatwe sawasawa na trei, kwa kuwa ukingo unaoning'inia karibu na koili huanza kuwa kahawia na baadaye kushika moto. Vyombo vya kioo visiwekwe chini ya moto wa juu peke yake.

Sasa chakula.

Nyama ya kidari ndiyo inayoifaa oveni hii kuliko yote, kwani ni bapa na hupikwa imefunikwa. Tena inaafiki desturi. Waashkenazi wengi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, hawali nyama iliyobanikwa au kuokwa kavu usiku wa Seder (mlo wa ibada unaofungua Pesach), hata ya kuku, ila iliyopikwa kwa mchuzi ndani ya chombo kilichofunikwa inakubalika. Kwa chombo cha sentimita 20 kwa 28 tumia kipande cha kilo 1.2 hadi 1.4, si zaidi. Kikaange kwanza kwenye kikaango, kila upande dakika 5. Usijaribu kukipa rangi kwa moto wa juu wa oveni, mafuta yataruka kwenye koili na moshi utajaa nyumba. Tandaza vitunguu vitatu vilivyokatwa duara na karoti mbili, laza nyama juu yake upande wa mafuta ukitazama juu, mimina mililita 300 za supu au divai nyekundu ya Pesach. Funika kwa foili mbili, ukizibana ukingoni mpaka mvuke usipate pa kutokea. Nyuzi 155 kwa saa tatu hadi tatu na nusu.

Kinachoharibu kidari kwenye oveni ndogo ni foili ya juu kuwa karibu na koili. Inapata moto mkali, mchuzi unakauka pembeni, na nyama inakuwa ngumu upande mmoja. Weka chombo wavu wa chini kabisa na ukigeuze nusu duara baada ya saa moja na nusu. Uma ukiingia na kutoka bila kuvuta nyama, imeiva. Kipimajoto cha nyama kitasoma nyuzi 93 hivi. Ikikataa uma, haijazidi kuiva, bado haijafika. Rudisha nusu saa. Ipoze kabisa ndani ya mchuzi wake, ilale kwenye friji, kesho yake ikate kukingama na nyuzi zake ikiwa baridi, kisha vipande virudi mchuzini. Kukata ikiwa moto ni kuichambua.

Kugel ya viazi, yaani viazi vilivyokwaruzwa vikaokwa na mayai, inahitaji mkono mwepesi zaidi. Kwa chombo cha sentimita 20 kwa 20: viazi kilo 1, kitunguu kikubwa kimoja, mayai 4, mafuta mililita 80, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, pilipili manga. Kuna kiasi kinene anachotumia mwenye oveni kubwa, lakini humu kina kisizidi sentimita 4. Kwaruza kitunguu kwanza, kisha kwaruzia viazi juu yake, maji ya kitunguu huchelewesha viazi kugeuka vyeusi. Kamua kwa kitambaa juu ya bakuli. Acha yale maji yatulie dakika 5, yamwage polepole, na ule wanga mweupe ulioganda chini urudishe kwenye viazi. Ndio unaoshika kugel isimeguke.

Huku ukichanganya, mafuta yawe ndani ya chombo, chombo ndani ya oveni, nyuzi 200, dakika 8. Mimina nusu ya mafuta hayo ya moto kwenye mchanganyiko, koroga haraka, halafu rudisha vyote chomboni. Lazima usikie vikichachatika. Ukimya maana yake mafuta hayajapata moto, na chini kutakuwa kweupe na kunata. Oka nyuzi 200 dakika 20, shusha 180 dakika 45. Juu pakishakuwa rangi ya asali iliyokolea na kisu bado kinatoka na uji wa kijivu, weka foili juu kwa kulegeza na endelea. Vile vyombo vyembamba vya kutupa vya aluminiamu vinapinda vikijaa, na mafuta ya moto yakimwagikia koili za chini ni hatari. Viweke juu ya trei kabla ya kuwasha, usisubiri vijae.

Mapishi mengi hutumia unga wa matza, mkate bapa usioumuliwa wa Pesach, na anayeutumia kama unga wa kawaida hukwama. Huu ni mkate uliokwisha kuokwa ukasagwa: haujengi tena ule mvutano wa ngano, na hunywa maji taratibu. Mchanganyiko unaoonekana mwepesi sasa utakuwa mzito baada ya dakika 20, kwa hiyo upumzishe kabla ya kuongeza kitu. Zipo familia, hasa za Kihasidi (kundi moja la Wayahudi washika dini sana), zisizolowanisha matza kabisa isipokuwa siku ya nane. Hao hutumia wanga wa viazi na lozi. Ukimpikia mgeni, muulize. Muulize pia kuhusu mchele, mahindi na jamii ya kunde, maana Waashkenazi kwa desturi hawavili na Wasefaradi wengi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, huvila. Hapa ndipo poda ya kuokea (baking powder) na sukari laini ya kupambia keki humkamata mtu, maana za kawaida huwa na wanga wa mahindi. Nunua zilizoidhinishwa kwa Pesach.

Kuhusu vitamu tuna maoni makali: achana na keki ndefu ya mayai sita. Inaumuka kufikia sentimita 9 au 10, ukoko wa juu unaganda mapema, ndani bado kunasukuma, mwisho inapasuka na kuzama. Mchanganyiko uleule ukiutandaza kwenye trei kwa unene wa sentimita moja na nusu, nyuzi 175, unaiva dakika 12 tu na unaweza kupanga tabaka kwa jamu. Keki ya lozi nayo inakaa vizuri: mayai 4, sukari gramu 150, lozi za kusaga gramu 200, ganda la limau lililokwaruzwa, chumvi kidogo. Piga viini na sukari mpaka viwe vyeupe, ingiza lozi, kisha ute uliopigwa ukasimama. Sufuria ya keki ya sentimita 20, nyuzi 165, dakika 35 hadi 40, foili ya kulegea kuanzia dakika ya 20. Mlango usiguswe kabla ya hapo.

Vileja vya nazi: ute wa mayai 3, sukari gramu 150, nazi kavu iliyosagwa gramu 220, chumvi. Pasha vyote kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka viwe vuguvugu na vishikane, finyanga madonge 16, oka nyuzi 160 kwa dakika 18 hadi 20. Chini huungua kabla ya juu kupata rangi. Dawa ni kupachika trei mbili pamoja, ile hewa nyembamba katikati ndiyo kinga.

Upangaji ni huu: vitu visivyo na nyama wala maziwa vitangulie, yaani keki, vileja na kugel, na nyama iwe ya mwisho. Sheria ya Kiyahudi haichanganyi nyama na maziwa, na katika oveni ndogo kama hii mvuke wa nyama hufika kila kona, kwa hiyo ichague iwe ya nyama au ya maziwa kwa sikukuu nzima. Kuchanganya kwa zamu ni kujitafutia maswali kwa rabi.

Vya sahani ya Seder, ile ya vyakula vya ishara mezani, vinachukua muda mfupi. Yai lichemshwe kwanza likaive, ndipo liingie nyuzi 190 mpaka ganda liwe na madoa ya kahawia. Yai bichi linaweza kupasuka. Mfupa, au shingo ya kuku, juu ya foili, nyuzi 200 nusu saa. Kwa kuwa hauliwi usiku huo, uchomwe kabla sikukuu haijaingia.

Na sikukuu ikishaingia, saa ya oveni ndiyo inayotawala. Kupika chakula cha siku hiyohiyo kunaruhusiwa, ila kuwasha, kuzima na kubadili joto la umeme hakuruhusiwi. Oveni nyingi za mezani zina saa ya kuzungusha inayoishia dakika 60 au 120, halafu inazima yenyewe. Kabla ya kununua, tafuta yenye alama ya kubaki imewashwa. Za kidijitali nyingi hujizima, hizo hazifai. Kama taa ya ndani huwaka mlango ukifunguliwa, ing'oe balbu mchana ule. Washa oveni kabla ya jua kuzama kwenye nyuzi 95 hadi 100, kidari kikiwa ndani ya mchuzi kimefungwa foili mbili, na kitasubiri bila kukauka hata kama usomaji wa Hagada, kitabu cha simulizi na sala za Seder, utachukua saa tatu. Kugel haivumilii hivyo, inalowa. Itoe foili.

Mwaka 2026 Seder ya kwanza ni Jumatano jioni, tarehe 1 Aprili. Kwa walio nje ya Israeli siku mbili za sikukuu zinaungana na Sabato, hivyo anayetaka kuandaa Ijumaa chakula cha Sabato aweke eruv tavshilin siku ya Jumatano: matza na kitu kilichopikwa, kwa kawaida yai. Chakula hicho cha Ijumaa kiive kabisa mapema kabla ya jua kuzama, maana Sabato hakuna kupika.

Sikukuu ikiisha, futa oveni ikiwa bado vuguvugu, mafuta yakiganda yanahitaji kisu. Acha mlango wazi usiku mzima unyevu utoke. Ifunge na trei zake pamoja na kipimajoto, na ubandike juu ya boksi kipande cha utepe wa kubandika chenye namba ulizozipata: kitufe kikiwa 180, ndani ni 165.