Ligi yetu ya bao Wete: kutafuta haki kati ya fundi na mwanagenzi

Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani)

Barazani kwetu tunapocheza bao, mchezo wa kete kwenye ubao wa mashimo, sheria ya siku zote ni moja: aliyefungwa anasimama, aliyefunga anabaki. Ni sheria tamu kwa fundi. Mwanagenzi anangoja tangu watu watoke kusali alasiri, anakaa, anafungwa mkononi, yaani angali na kete za kutia, hata nusu ya zake 22 hajazitia ubaoni, anasimama, na adhana ya magharibi inamkuta bado anangoja zamu nyengine. Kwa mwendo huo anayejua anazidi kujua, na asiyejua anarudi kwenye simu yake. Mimi nataka bao libaki hapa Wete mikononi mwa vijana pia. Ndiyo sababu ya ligi hii, na ndiyo sababu naandika kila hatua, ili mtaa mwengine ukitaka kuanzisha yao usianzie patupu.

Tumejiandikisha 12. Kila mtu akikutana na kila mtu mara moja, ni mechi 66. Wamo wazee ambao huwaoni wakihesabu, mkono unakwenda tu. Yumo maalim wa chuo, seremala, mvuvi, vijana wa skuli, na bi mkubwa jirani yetu aliyefunzwa na marehemu baba yake. Barazani hakai, hivyo mechi zake zinachezwa ukumbini kwake, mlango wazi, na mjukuu wake ndiye anayeandika matokeo. Niliwauliza wazee kama wana neno. Mkubwa wao akasema, "Mwanangu, kete haziulizi zimekaa nyumba ya nani." Limekwisha hapo.

Ratiba nilitaka kuipanga kwa siku maalumu, lakini mvuvi wetu hapatikani wakati wa bamvua, maji yanapokuwa makubwa. Basi kila mechi imepewa wiki mbili kamili za kuchezwa. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo ndani ya wiki mbili yoyote lazima yapite na maji mafu, yaani maji madogo, na hapo mvuvi yupo. Utaratibu huo umemfaa hata seremala, ambaye kazi zake humjia kwa mkupuo.

Mfungo Pili

Mvua za masika zimetusogeza chini ya kibaraza cha duka. Ubao mmoja umevimba kidogo kwa unyevu, lakini unachezeka.

Kazi kubwa sasa ni ahueni: fundi amwachie nini mwanagenzi ili mechi iwe mechi? Ndugu yangu anafanya kazi hotelini Unguja, na wageni wake wanacheza gofu. Alinieleza handikapu yao vizuri sana. Tangu 2020 wana mfumo mmoja wa dunia nzima uliochukua nafasi ya ile sita ya zamani. Wanachukua raundi za mtu 20 za mwisho, wanachagua 8 bora, na kutokana na hizo wanapata kiwango chake, ambacho mwisho wake ni 54. Mapigo ya ahueni yanapunguzwa kwenye jumla yake, kisha ndipo watu wanalinganishwa. Hivyo aliyeanza kujifunza jana na aliyecheza miaka 30 wanaweza kushindana asubuhi moja, na yeyote akashinda.

Nimelipenda wazo, na hasa hilo la kuchukua raundi bora badala ya wastani wa zote, maana mtu akivuruga kwa makusudi ili aonekane dhaifu, raundi chache mbovu hazimsaidii. Lakini gofu kila mtu anashindana na uwanja. Mapigo ya mwenzako hayagusi mpira wako. Kwenye bao kete zangu ndizo chakula chako, na ukizipunguza umegusa mchezo wenyewe.

Tulijaribu hata hivyo, kwa sababu seremala aliamini itafaa. Fundi akaanza na kete chache mkononi kuliko mwenzake. Nyumba, shimo kubwa la kila mchezaji, ikawa na kete 6 zake kama kawaida, na mashimo mawili ya jirani yake 2, na 2, lakini mkononi pungufu. Kilichotokea ni kwamba fundi alimaliza namua, hatua ya kutia kete za mkononi, mapema, akawa anataka kucheza mtaji, hatua ya kucheza na zilizo ubaoni tu, na huku mwenzake bado ana kete za kutia. Bao haliijui hali hiyo. Kila mmoja akaanza kubuni sheria papo hapo, na mzee wetu akainuka. "Hili si bao," alisema, na nakubaliana naye kabisa. Kete 64, kila mtu 32, zisiguswe. Ahueni itafutwe nje ya ubao.

Mfungo Tatu

Tumeipata, nadhani. Ahueni iko kwenye idadi ya mabao, yaani michezo ya kushinda, ya kumaliza mechi.

Tumegawanyika madaraja matatu kwa kutazama daftari la mechi za majaribio. Walio katika daraja lilelile, wa kwanza kufikisha mabao 2 ndiye mshindi. Wakipishana daraja moja, wa juu anahitaji 2 na wa chini anahitaji 1 tu. Maalim alinifanyia hesabu kwa chaki sakafuni. Chukua mtu anayemfunga mwenzake mara 3 katika kila 4. Kushinda mara mbili mfululizo ni robo tatu ya robo tatu, yaani 9 kwa 16, kama asilimia 56. Ukimtaka ashinde mara tatu, inakuwa 27 kwa 64, asilimia 42, na hapo umemwonea. Tumeamua 2, ili aliyejifunza zaidi abakiwe na faida kidogo ya jasho lake. Haki kwangu haina maana ya kumfanya fundi asiwe fundi.

Wakipishana madaraja mawili, wa juu anahitaji 4, wa chini 1. Fundi wa kumfunga mtu mara 9 katika 10 bado atashinda mechi hiyo kama mara mbili katika kila tatu. Lakini tazama kinachopatikana: mwanagenzi akifungwa, amekaa na fundi mabao manne mfululizo. Kwa sheria ya zamani angekaa bao moja akainuka. Hapa ndipo nilipofurahi kupita kiasi.

Mzee mmoja alitaka kufunga mkononi kuhesabiwe mabao mawili, kama alivyozoea. Nimemwomba kwa heshima tusifanye hivyo, kwa sababu anayefungwa mkononi ni yuleyule mdogo tunayetaka abaki. Tumekubaliana iandikwe kwa wino mwekundu daftarini, nayo ni sifa yake.

Mfungo Nne

Matokeo yanaonesha kitu. Kijana mdogo kuliko wote amemshinda seremala, kihalali, kwa kuilinda nyumba yake hadi mtaji kisha kuitawanya wakati kichwa cha mwenzake, shimo la mwisho la safu ya mbele, kimebaki kitupu. Bi mkubwa hajapoteza mechi yoyote na tumempandisha daraja la juu.

Kupanda kwenyewe tumekuwekea sheria kutokana na ile hekima ya raundi bora: ukishinda mechi tatu dhidi ya watu wa daraja lako au la juu, unapanda papo hapo, kushuka kunangoja mwisho wa mzunguko. Vilevile, shimo uliloligusa ndilo unalocheza, kwa mzee na kwa mtoto. Wa daraja la chini ndiye anayeanza bao la kwanza, kisha wanapokezana. Na hakuna mtazamaji kusema neno wakati mtu anafikiri. Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu baraza zima lina fundi wa pembeni, na ushauri daima humwendea anayependwa. Nimewapa vijana madaraka ya kumwondoa anayesema, hata akiwa mkubwa wao, na wanatumia "shikamoo, babu, tafadhali" kwanza.

Mzunguko ujao nataka kuongeza ligi ya jozi: mmoja wa daraja la juu na mmoja wa chini, kila mmoja acheze na mwenziwe wa jozi nyengine, kisha mabao yajumlishwe. Fundi atakuwa na sababu ya kumfundisha mwenzake kati ya mechi. Seremala ameahidi ubao wa tatu, na komwe za kete tumeshachuma.