Siku moja na mpango wa namba: najifunza simu za IP kazini

Saa 1:30 asubuhi

Kazi ya kwanza leo ni kufunga simu mpya za mezani za IP, yaani zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta. Huwa sichomeki na kuondoka. Nasimama niitazame simu inavyoamka, maana dakika ile moja ina somo zima. Kebo ya mtandao ndiyo hiyo hiyo inayoleta umeme: kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 kinairuhusu swichi, kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao, kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Simu ikishapata umeme inaambiwa na swichi ikae kwenye VLAN ipi ya sauti, yaani kipande kipi cha mtandao kilichotengewa simu. Kisha inaomba anwani ya IP kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, na pamoja na anwani inapewa habari ya seva itakayochukulia mipangilio yake. Ikimaliza kupakua inajisajili kwa seva ya simu: namba 2047 inapatikana hapa. Seva inajibu 401, jitambulishe. Simu inatuma tena ikiwa na uthibitisho, inarudishiwa 200, na namba inatokea kwenye kioo.

Ukiujua mfuatano huo, simu ikigoma unajua pa kuanzia. Kioo cheusi, tafuta umeme. Kioo kinawaka lakini hakuna anwani, nenda kwenye VLAN na DHCP. Anwani ipo ila usajili unakataliwa, angalia jina na nywila.

Saa 3:00 asubuhi

Mkuu wangu wa kazi ananiita mezani kwake. Amefungua Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti za mtandao, na amenasa simu moja tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mdogo wangu, nisomee hiyo simu. Usiniambie unadhani nini, soma."

Nasoma. INVITE inatoka kwa mpigaji kwenda kwa seva. Seva inajibu 100, nimepokea, nashughulikia. Inakuja 180, upande wa pili unaita. Mtu anainua mkono wa simu, inakuja 200, mpigaji anathibitisha kwa ACK. Baadaye mmoja anakata, BYE, na 200 ya mwisho.

"Na sauti iko wapi hapo?"

Haipo, kaka. Hizo zote ni ishara za SIP, itifaki ya kuanzisha na kumaliza simu, ambayo waraka wake mkuu, RFC 3261, ulitoka mwaka 2002. Sauti yenyewe inabebwa na itifaki nyingine, RTP, kwa pakiti zake na milango (port) yake, na mara nyingi haipiti kabisa kwenye seva iliyounganisha simu. SIP ni mshenga: anapeleka posa, anarudisha majibu, makubaliano yakifikiwa anawaacha wenyewe wazungumze. Ndani ya INVITE kuna maelezo ya makubaliano hayo: kodeki gani, yaani njia gani za kugeuza sauti kuwa data, tunazijua, na sauti itumwe anwani gani, mlango gani. Mkuu ananionyesha mstari unaoanza na herufi c, ule wa anwani. Anasema nusu ya malalamiko ya sauti huishia hapo.

Saa 4:30 asubuhi

Linakuja mojawapo. Mfanyakazi aliye mbali na ofisi, anayetumia programu ya simu kwenye kompyuta, anatupigia kwa simu yake ya mkononi.

"Wao wananisikia vizuri, mimi sisikii kitu."

"Pole, dada. Naomba upige tena kwa ile programu, nami nifuatilie."

Nanasa simu yake na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wa c. Umeandikwa `c=IN IP4 192.168.1.24`. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani. Hazina njia kwenye intaneti. Kompyuta yake imesema kwa uaminifu kabisa, nitumieni sauti hapa, lakini hapo ni nyuma ya ruta yake na huku kwetu hakuna anayeweza kupafikia. Sauti yake inatoka na kutufikia kwa sababu anwani yetu inajulikana. Yetu inapotea njiani.

Suluhisho liko kwenye seva ya mpakani, ile inayokaa kati ya mtandao wetu na intaneti. Kwa watumiaji wa mbali ilikuwa imewekwa kupitisha ishara tu, sauti ikaachwa ijitafutie njia. Mkuu anabadilisha mpangilio ili sauti nayo ipite humo: seva inaweka anwani yake ya hadharani mahali pa ile ya ndani, inasubiri pakiti ya kwanza ya mtumiaji, kisha inamrudishia sauti ilikotokea. Dada anapiga tena. Anasikia.

Naipenda hitilafu ya aina hii, kwa sababu jibu lake linasomeka. Huhitaji kubahatisha wala kuzima na kuwasha chochote.

Saa 6:00 mchana

Hesabu fupi ya tawi litakalofunguliwa. Kodeki ya G.711 huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila moja, yaani kilobiti 64. Pakiti moja hubeba sauti ya milisekunde 20, baiti 160, na juu yake vichwa vya IP, UDP na RTP vya baiti 40. Pakiti 50 kwa sekunde, jumla kilobiti 80 kila upande kabla ya kuongeza vya Etheneti. Simu 20 kwa wakati mmoja ni megabiti 1.6. Si mzigo mkubwa, ila pakiti hizo hazivumilii foleni, kwa hiyo tunazipa alama ya kipaumbele, DSCP 46, na ruta inazitanguliza.

Saa 8:00 mchana

Mpango wa namba. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na mchana wote unaishia hapa.

Seva inapopokea tarakimu inazilinganisha na orodha ya ruwaza, yaani vielelezo vya namba. 2XXX ni namba za ndani: 2 kisha tarakimu zozote tatu. 9 ikitangulia ni simu ya nje; seva inaiondoa hiyo 9 na kupeleka zilizobaki kwa mtoa huduma. Ruwaza mbili zikifaa kwa pamoja, iliyo mahususi zaidi inashinda. Na kama tarakimu zilizobonyezwa zinaweza bado kuwa mwanzo wa namba ndefu zaidi, seva inasubiri. Kwenye mfumo wa Cisco kipimo cha kiwandani cha kusubiri ni sekunde 15. Mpigaji anayekaa kimya sekunde zote hizo huamini simu imekufa, anakata. Kumbe ruwaza mbili tu zimeingiliana.

Kuna pia suala la ruhusa. Simu ya ukumbini haioni ruwaza za kimataifa. Kwake namba hizo ni kama hazipo. Mwanzoni nilidhani hili ni jambo la gharama tu. Leo mkuu ananisomesha upande wa pili wake.

Saa 10:00 jioni

Desemba 2013, katika chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mara kadhaa kama alivyofundishwa. Simu haikutoka, kwa sababu simu za hoteli ile zilitaka 9 kwanza. Sheria ya Marekani iliyopewa jina la Kari ilisainiwa mwaka 2018: mifumo mipya ya simu za ofisi na hoteli lazima ipitishe 911 bila tarakimu ya kutangulia.

Mtoto alifanya sawasawa. Ruwaza ndiyo haikuwapo.

Kwetu sisi 112, namba ya dharura, inatoka tu ukitanguliza 9. Leo ruwaza ya 112 bila 9 inaongezwa, na mkuu ananipa mimi niandae mabadiliko. Nataka zipite zote mbili, 112 tupu na 9112, kwa sababu mtu aliye kwenye taharuki hapaswi kukumbuka utaratibu wa ofisi. Nazipa alama ya dharura ili seva isisubiri tarakimu nyingine. Alama hiyo ina upande wake mkali: namba za ndani 1120 hadi 1129 zingenyakuliwa pale pale kwenye tarakimu ya tatu, zisifikike tena. Nazitafuta kwenye orodha; mbili zinatumika. Nazihamishia 2XXX na kuwapigia wenyewe.

Kisha tawi. Simu ya dharura ya tawini lazima itoke kwa lango la tawi lenyewe, kifaa kinachoiunganisha na mtandao wa simu wa nje, ikiwa na namba ya tawi. Ikipitia makao makuu, msaada utatumwa makao makuu.

Saa 12:15 jioni

Watu wameondoka, tunaweka mabadiliko. Hatujaribu kwa kupiga dharura yenyewe; kwanza ruwaza zinaelekezwa kwenye simu yetu ya majaribio. Nabonyeza 112, inaita papo hapo. Nabonyeza 9112, inaita. Simu ya ukumbini isiyo na ruhusa ya kupiga nje ya nchi, nayo inaita. Mwenzetu wa tawini anapiga, na kwenye kioo inatokea namba ya tawi.

Mkuu anaziachia ruwaza kwenye njia zake halisi. Mimi napiga kituo cha dharura kwa laini yao ya kawaida kuomba muda wa jaribio la kweli. Wanatupa kesho saa 4:00 asubuhi.