Redio Kaseti ya Gari la Zamani: Anza na Mpira, Nyaya Baadaye

Redio kaseti ya gari la zamani ikikataa kupiga, wengi hukimbilia nyaya, au huing'oa kabisa na kuweka ya kisasa. Ni haraka isiyo na baraka. Redio iliyokaa miaka 30 au 40 ndani ya dashibodi, mara nyingi saketi yake bado ni nzima. Kilichokufa ni mpira: mikanda inayozungusha mtambo, rola inayobana utepe, na pete ndogo za mpira kwenye magurudumu ya kati. Mpira huoza hata redio ikiwa haiguswi, na joto la dashibodi iliyoanikwa juani huuozesha upesi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kushika chuma cha kulehemu, fungua kifuniko utazame mpira.

Kwanza itoe salama. Chomoa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe, halafu hakikisha ni chanya au hasi. Usibahatishe hapa: magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, na redio ya transista ikipewa umeme kinyume inaweza kuungua papo hapo. Redio nyingine za enzi hizo zina swichi au plagi ya kubadilisha upande, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye ganda kabla ya kuunganisha chochote. Piga picha za nyaya, zifunge vipande vya karatasi vyenye majina, ndipo uzichomoe.

Usiiwashe kwanza. Mkanda uliooza ukizungushwa hutupa uchafu wake kila mahali, hata kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe.

Ukitoa kifuniko cha chini utauona mkanda, au masalia yake. Mkanda uliochakaa kidogo unakuwa mlegevu, unang'aa, na ukiuvuta haurudi upesi. Uliokufa kabisa unageuka kuwa kitu cheusi kinachonata kama lami ya moto: umeganda kwenye mfereji wa puli ya mota, umezunguka ukingo wa flaiwili (gurudumu zito linalotuliza mwendo), na ukiugusa kwa kidole unaacha doa lisilotoka kwa sabuni ya kawaida. Vaa glavu. Kwangua sehemu nene kwa kijiti cha mbao, kisha malizia kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Badilisha pamba mara kwa mara, maana ile ile chafu inahamisha uchafu tu. Asetoni usiitumie, inayeyusha plastiki. Puli ya mota ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo yenye madhara makubwa: chembe moja ya lami iliyobaki kwenye mfereji wake inabadilisha kipenyo, na utasikia muziki ukiyumba kila mota inapozunguka.

Kupata saizi ya mkanda mpya, usipime wa zamani, kwani umeshatanuka au umekatika. Chukua uzi, uzungushe kwenye njia yote ya mkanda, uupime, halafu toa asilimia 5 hivi. Tuseme njia ina milimita 220. Mkanda unaofaa una mzunguko wa ndani wa milimita 209. Wauzaji wengi hutaja kipenyo, basi gawanya kwa 3.14: inakuja kama milimita 66.5. Unene nao usiupuuze. Mkanda bapa wa flaiwili mara nyingi una upana wa milimita 4 au 5 na unene wa karibu nusu milimita. Mikanda ya mraba inayozungusha vibebeo vya utepe, yaani vile vishikio vinavyoingia kwenye matundu ya kaseti, huwa na milimita 1 hadi 1.5 kila upande. Ukiweka mkanda mnene kuliko wa awali, puli ndogo ya mota inaonekana kubwa zaidi kwa mkanda, na kaseti itakimbia. Ukiweka unaobana sana, mota inaelemewa, beringi zinalika, na sauti inayumba ingawa kila kitu ni kipya. Pakiti za mikanda mchanganyiko zinasaidia kwa majaribio, lakini mkanda wa flaiwili ni heri ukaagizwa kwa kipimo chake hasa.

Rola ya mpira inahitaji jicho la karibu. Iweke chini ya taa uizungushe taratibu. Ile nzima ina rangi nyeusi isiyong'aa na ngozi yake inashika kidole. Ile iliyochoka inang'aa kama kioo, ina mstari wa kahawia katikati mahali utepe ulipokuwa ukipita, na wakati mwingine ina bonde dogo upande mmoja kwa sababu iliachwa imebanwa miaka mingi na kaseti ndani. Ya kung'aa tu unaweza kuiokoa: ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, kisha uisugue kidogo kwa msasa namba 600 huku ukiizungusha sawasawa. Yenye bonde, nyufa au ugumu wa plastiki, itupe. Unaponunua mpya unahitaji vipimo vitatu: kipenyo cha nje, upana, na tundu la katikati. Rola ndiyo chanzo kikubwa cha redio kutafuna kaseti. Ikishika upande mmoja kuliko mwingine, utepe unapanda au kushuka, unatoka njiani na kujiviringisha kwenye kapstani, yaani ule mhimili mwembamba unaovuta utepe.

Chanzo cha pili cha kutafuna ni kibebeo cha kuvutia utepe kilicho dhaifu. Kapstani inaendelea kulisha utepe, lakini upande wa pili hakuna anayeupokea. Kagua pete ya mpira ya gurudumu la kati na klachi ya kitambaa chini ya kibebeo. Na kama redio yako inageuza upande yenyewe kila baada ya sekunde chache, usiilaumu saketi bado. Mtambo wa aina hiyo unageuza pale unapodhani utepe umefika mwisho, na unadhani hivyo kwa kuwa kibebeo kimesimama. Mkanda unaoteleza unatosha kuudanganya.

Gia za plastiki nazo zina ugonjwa wake. Plastiki husinyaa na umri, mhimili wa chuma hausinyai, basi gia inapasuka kati ya meno mawili. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele, ila meno yale mawili yanaachana na utasikia mlio wa "tak" kila mzunguko. Gundi haidumu hapo. Tafuta gia nyingine, hata kutoka kwenye mtambo uliokufa wa aina ile ile.

Grisi ya zamani inakuwa nta. Ifute yote kwa spiriti, weka mpya nyepesi ya sintetiki, kiasi cha kuacha ung'avu tu. Kwenye beringi ya kapstani ni tone moja la mafuta mepesi ya mashine, halafu futa mhimili mpaka ukauke kabisa. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu yasikaribie mtambo huu: yanatambaa hadi kwenye mpira, na kazi yote inarudi mwanzo.

Hedi isafishe kwa kijiti cha pamba na spiriti hadi pamba itoke nyeupe. Ukiona mfereji ambao ukucha unakwama ndani yake, hedi imelika na sauti kali haitarudi hata ufanye nini. Ikiwa nzima, itoe usumaku: redio imezimwa, washa kifaa cha kutolea usumaku ukiwa mbali, kisogeze polepole, kizungushe mbele ya hedi na kapstani, kisha kiondoe polepole hadi kama mita moja ndipo ukizime. Ukikizima karibu, unaacha usumaku mwingi kuliko ulioukuta.

Sasa ndio wakati wa umeme. Tumia pawa sapulai ya mezani yenye kikomo cha ampea, volti 13, kikomo ukianzia nusu ampea ili kama kuna shoti isiunguze kitu. Unganisha spika mbili za omu 4 kabla ya kuwasha. Chunguza kwanza kama waya hasi wa spika unaruhusiwa kugusa bodi. Kwenye redio nyingi za baadaye hauruhusiwi, na kuugusisha kunaua aisi ya pato, yaani chipu inayosukuma spika. Jaribu upande wa redio. Redio ikipiga vizuri na kaseti haisikiki, pato na swichi ya sauti ni salama. Tatizo liko kwenye hedi, waya wake mwembamba, au kikuza sauti cha hedi.

Mwendo sahihi wa kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Weka kaseti ya majaribio yenye mlio wa Hezi 3150, soma namba kwa programu ya simu ya kupima mlio. Ukisoma 3200, inakimbia kwa asilimia 1.6 hivi. Iache izunguke dakika 10 ipate joto, halafu rekebisha skrubu iliyo ndani ya tundu nyuma ya mota, au resista ya kuzungusha kwenye bodi ya saketi, kwa bisibisi ya plastiki. Ukibaki ndani ya asilimia 1 umefika. Mwendo ukipanda na kushuka bila mpangilio hata baada ya mkanda mpya, shuku mota yenyewe.

Pembe ya hedi iguse mwisho. Skrubu moja kati ya mbili za hedi ina springi chini yake. Weka kaseti unayoijua vizuri, zungusha skrubu hiyo robo mzunguko huku na huku, usikilize matoazi. Kuna nukta moja sauti kali inafunguka kama dirisha. Simama hapo, funga kwa tone la rangi ya kucha.

Kapasita za elektroliti hukauka, na dalili zake ni besi kupotea, mvumo, au upande mmoja kuwa hafifu. Badilisha moja moja ukiangalia chanya na hasi, uchague zinazohimili nyuzi 105. Ile kubwa ya umeme, mara nyingi mikrofaradi 1000 au 2200, weka ya volti 25, kwa kuwa gari likiwa linachaji linafika volti 14.4 na ya volti 16 inabaki na nafasi ndogo. Transista za germaniamu kama AD161 na AD162 usizibadilishe kwa za silikoni hivi hivi: germaniamu inafunguka kwa volti 0.2 hivi, silikoni 0.6, na saketi nzima ya kuiwezesha inabidi ibadilike.

Ukiirudisha kwenye gari weka fyuzi kwenye waya wa umeme na ukwangue rangi mahali waya wa bodi unapofungwa. Mluzi unaopanda na mwendo wa injini unatoka kwenye altaneta. Koili ya kuchuja kwenye waya wa umeme huupunguza, lakini muunganiko mbovu wa waya wa bodi ndio wa kwanza kukaguliwa.

Kaseti ya kwanza kuingiza isiwe ile uipendayo. Angalia kipedi cha kitambaa kinachosukuma utepe kwenye hedi: gundi yake huachia, na bila hicho sauti inakuwa kama ya chini ya blanketi. Kaseti za dakika 120 ziache nyumbani, utepe wake una mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa dakika 60, na mtambo wa gari unaukunja kirahisi. Baada ya nusu saa ya kupiga itoe kaseti uutazame utepe ukiuelekeza kwenye mwanga. Kingo zikiwa zimenyooka, funga dashibodi. Zikiwa na mawimbi upande mmoja, rudi kwenye rola.