Alcest kwa kinyumenyume

Jumapili, usiku

Albamu iliyonifikisha kwa Alcest ndiyo ninayoisikiliza kwa nadra kuliko zote siku hizi. Leo mchana nilikuwa uani nafua, simu nimeiegesha ukutani inacheza Shelter tangu mwanzo, nikajikuta nasubiri wimbo mmoja tu, ule wa mwisho. Nyimbo nyingine zote zilipita na povu.

Kwa asiyewajua, Alcest ni Wafaransa wawili. Mwenye bendi hasa ni Neige, jina la kisanii la Stéphane Paut, mtu wa Bagnols-sur-Cèze, mji mdogo kusini mwa Ufaransa. Ndiye anayetunga, anayeimba na kupiga gitaa, na kwenye albamu ya kwanza, Souvenirs d'un autre monde ya mwaka 2007, alipiga karibu kila kitu mwenyewe. Mpiga ngoma, Winterhalter, alikuja 2009. Neige ameeleza mara nyingi kwamba utotoni alikuwa akijiwa na maono ya mahali pengine, penye mwanga na sauti zisizo za dunia hii, na kwamba alianzisha muziki huu ili apaelezee. Maono yake siyaamini wala siyakatai, watoto huona mengi. Gitaa lake ndilo ninaloliamini.

Shelter ilitoka Januari 2014. Waliirekodia Iceland, katika studio ya Sundlaugin, jengo lililokuwa bwawa la kuogelea na ambalo wengi wanalijua kwa sababu ya bendi ya Sigur Rós. Kundi la Amiina likaja na vayolini zao, na Neil Halstead wa bendi ya Slowdive akaimba wimbo mmoja. Hapo ndipo Alcest walipokaribia kabisa ule muziki unaoitwa posti-roki: magitaa yenye mwangwi mrefu, nyimbo zisizo na haraka ya kufika popote. Mashabiki wao wa zamani, watu wa blaki metali, ule muziki mkali wa magitaa ya kasi na mayowe, wengi walinuna. Albamu nzima haina yowe hata moja. Mimi sikuwa na cha kununia, maana sikujua kama kulikuwa na mayowe kabla yake. Niliipenda kwa sababu ilikuwa nzuri, basi.

Mdogo wangu, ambaye hana subira na kitu chochote kisichochezeka, alisimama mlangoni siku moja akasikiliza kama dakika tatu, kisha akauliza: "Dada, sebene linaingia lini?"

Haliingii. Lakini mimi nilikulia kwenye nyumba ambayo marehemu baba alikuwa mpenzi wa taarabu ya Kiunguja, ile ya vayolini na kanuni na udi, na bashraf zilikuwa sehemu ya malezi yetu. Bashraf haina mwimbaji. Vyombo vinaanza, vinazunguka, vinarudia pale pale kwa sura nyingine, na hakuna mtu anayeuliza maneno yako wapi. Baba alikuwa akiifungua redio kwa ajili ya bashraf, mwimbaji akishaingia anainuka kwenda kutawadha. Kwa hiyo nilipokutana na Wafaransa hawa wanaopiga dakika kumi kwa maneno machache sana, sikio langu halikushtuka. Kilichonishangaza kilikuwa kwingine, nilipoanza kurudi nyuma.

Maana nilianzia katikati, halafu nikarudi. Kutoka Shelter nikaenda Les Voyages de l'âme ya 2012, kutoka hapo Écailles de lune ya 2010. Na kwenye Écailles de lune kuna wimbo unaitwa Percées de lumière ambao Neige haimbi, anapiga kelele. Sauti ya koo lililochanika, tangu mwanzo karibu hadi mwisho. Mara ya kwanza niliuzima. Nikadhani nimepewa bendi nyingine.

Ilikuwa miezi ile Bibi amelala kitandani. Tulikuwa tukipokezana kumwangalia usiku, na zamu yangu ilianza saa sita. Kazi yenyewe si nzito: kumgeuza, kumpa maji, kumfunika akijifunua. Ila huwezi kulala, na huwezi kushika jambo jingine. Mwili unakaa tuli kwenye kiti huku kichwa kinakimbia mbio: dawa zimebaki ngapi, nani atampeleka kliniki, kesho kazini nitasema nini. Nilikuwa naweka muziki kwa sauti ya chini kabisa, simu iko mapajani, nikijua Bibi masikio yake hayasikii vizuri.

Kumbe yanasikia. Usiku mmoja Percées de lumière ikajipanga yenyewe kwenye orodha, na kabla sijairuka Bibi akafumbua macho.

"Mjukuu wangu, nani huyo analia?"

"Hakuna anayelia, Bibi. Ni Mfaransa, anaimba."

Akasikiliza kidogo. "Haimbi. Huyo kafiwa." Akaomba maji, akanywa, akageukia ukutani.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa na wajuzi kuhusu sauti ile, inatoka kwenye mila gani ya metali na nani aliianzisha Norwe, na hakuna lililonisaidia kama hilo. Mimi nilikuwa nasikia hasira. Bibi, aliyehudhuria misiba kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, alisikia kilio, na akakitambua aina. Baada ya hapo niliusikiliza wimbo wenyewe badala ya kusikiliza yowe, nikagundua kwamba chini ya kile kilio gitaa linapiga kitu cheupe, kizuri, karibu cha furaha. Havipokezani. Vinakwenda sambamba muda wote.

Hilo, kwangu, ndilo jambo lao. Bendi nyingi za posti-roki zina ramani moja: anza kimya, ongeza, ongeza tena, lipuka, kisha zima taa. Ukishasikia chache unajua mlipuko uko dakika ya ngapi, unaweza kwenda jikoni ukarudi. Alcest wanapokuwa katika ubora wao hawaweki upole kwanza na ukali baadaye. Wanaviweka pamoja. Chini, mkono wa Neige unachapa uzi juu na chini bila kupumzika, haraka mno hadi sikio linaacha kuhesabu mapigo na kusikia sauti moja ndefu inayotetemeka. Hiyo ni mbinu ya blaki metali haswa. Mahali pengine Winterhalter naye anakimbia hivyo hivyo kwenye ngoma. Na juu ya mbio hizo zote sauti ya mtu inapita polepole, inavuta silabi moja kwa pumzi nzima, kama vile haina habari na kinachoendelea chini yake. Mwendo wa aina mbili katika wimbo mmoja. Mtu aliyekaa kwenye kiti saa tisa za usiku akimsikiliza mgonjwa anavyopumua hahitaji kuelezwa zaidi.

Shelter waliondoa mbio za chini wakaacha upole wa juu peke yake. Ni nzuri, sijabadilisha neno, lakini ni nusu. Na hapa nakiri kwamba Délivrance, ule wimbo wa mwisho niliokuwa nausubiri pale kwenye beseni, unafuata ramani ile ile niliyoisema vibaya: unaanza taratibu, unapanda kwa dakika kama kumi. Sina utetezi. Naupenda.

Kodama ya 2016, iliyochukua mawazo yake Japani, iliyarudisha mayowe, na Spiritual Instinct ya 2019 ikawa nzito zaidi. Hiyo ya pili naiheshimu bila kuizoea.

Kitu kingine ambacho watu wa kwetu wangekithamini ni kwamba jamaa huyu anachukua mashairi ya wakubwa na kuyatia sauti. Kwenye Le Secret, kazi fupi ya 2005, aliimba Élévation ya Baudelaire. Kwenye Écailles de lune kuna shairi la Paul-Jean Toulet kuhusu bahari yenye rangi ya chuma. Na albamu ya 2024, Les Chants de l'Aurore, inafungwa na L'Adieu ya Guillaume Apollinaire, iliyochapishwa katika diwani yake ya 1913: mistari mitano tu, mtu amechuma kijiti cha ua, anamwambia mwenzake kwamba hawataonana tena hapa duniani, na kwamba anamsubiri. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, niliisoma na kamusi pembeni. Kwa mtu aliyelelewa na taarabu, ambako utunzi ndio kila kitu na mwimbaji hutamka kila neno ulisikie, inakera kidogo kwamba Neige anaizamisha sauti yake katikati ya magitaa. Shairi kama lile ningelitoa mbele. Baba angesema wamemfunika mwimbaji kwa makusudi ili asionekane anakosea.

Hata hivyo Les Chants de l'Aurore ndiyo ninayoicheza zaidi mwaka huu. Mwanga wa Shelter umo na mbio zimo. Mdogo wangu aliusikia L'Envol juzi akatikisa kichwa kwa muda, halafu akasema ngoma angalau zimechangamka. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Anayetaka kuanza asinifuate mimi. Aanze na Écailles de lune, wimbo wa kwanza, kwa sauti kubwa na mchana kweupe, na ukimfika Percées de lumière asiuzime.