Maji Machungu ya Gongoni

Jana binti yangu alimwaga chumvi mezani, akawa anachora samaki kwa kidole. "Mama, hii huchimbwa wapi?" Nikamwambia ya kwetu haichimbwi, huvunwa, kule Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kisha nikanyamaza. Akili ilikuwa imesharudi darasa la saba.

Ilikuwa ziara ya shule, tukajionee kilimo na viwanda. Tulitoka Malindi alfajiri, tukavuka daraja la Sabaki, mto mwekundu kwa udongo wa bara. Magarini tulionyeshwa mikorosho na mananasi, tukapewa nanasi moja kwa watoto wanne. Hayo nayakumbuka kwa mbali.

Kwenye mabwawa ya chumvi, jua la kaskazi lilichoma toka juu na toka chini. Msimamizi akaeleza: maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, yakakaa, yakasogezwa la pili, la tatu, kila mara yakizidi kukolea kwa jua na upepo. Bwawa la mwisho siku hiyo lilikuwa na rangi ya waridi. Hapo ndipo chumvi huganda chini, kama ukoko wa wali.

Wanawake walikuwa wakiikwangua. Mmoja alijitanda leso mpaka puani, na miguuni alizungushia vipande vya gunia, akavikaza kwa mpira wa baiskeli. Ile leso niliijua. Ilikuwa ya Idi, jina lake nusu limeshafutika. Nilijua mama anafanya kazi ya chumvi. Kazi yenyewe sikuwa nimewahi kuiona. Macho yetu yakakutana. Yeye akainamia chumvi, mimi nikainamia daftari, na mpaka leo sijui nani aliyeinama kwanza.

Jumamosi alirudi nyumbani. Akakaa barazani akipaka mafuta ya nazi kwenye nyufa za miguu. "Hebu nisomee mlichoandika." Nikasoma, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na maji machungu je? Chumvi ikishaganda, maji yanayobaki juu hutolewa. Yakiachwa yakauke nayo, chumvi yote huwa chungu. Andika."

Nikaandika. Hakusema kama aliniona. Nami sikusema.

Sasa binti yangu anataka twende akaone. Asubuhi nimempigia mama simu nimwulize kama atafuatana nasi. Tukaongea kirefu, habari za magoti yake na bei ya nazi, mpaka salio likaisha.