Kumbukumbu ya mradi wangu: kuchagua risasi kwa bastola nyepesi ya mdogo wangu

Lubumbashi, 4 Mei

Mdogo wangu wa kike anayeishi Texas amenunua, kwa kufuata sheria za huko, bastola ndogo ya silinda aina ya Smith & Wesson 642. Inabeba risasi tano za kipimo kiitwacho .38 Special, fremu yake ni ya alumini, mtutu wake haufiki sentimita tano, na ikiwa tupu ina uzito wa takriban gramu 410. Anafanya kazi ya zamu na hurudi nyumbani saa tisa za usiku. Alinipigia simu akasema: «Yaya, wewe umekereza vyuma miaka thelathini. Dukani kuna aina za risasi zaidi ya ishirini, na kila muuzaji anasifu yake. Nisaidie kuchagua.» Nilimjibu kwamba sijawahi kupiga bastola, lakini uzito, mwendo na tabia ya chuma ni mambo ninayoyajua, na kwamba tungefanya kazi hii polepole.

Hapa kwetu sina silaha wala risasi, na sizitafuti. Silaha za raia zinaongozwa na sheria ya mwaka 1985, na kibali chake si jambo la mzaha. Sehemu yangu ni kalamu, mizani na mashine ya kukereza. Kupiga shabaha ni sehemu yake, katika uwanja wa huko, mwalimu akiwa kando yake.

18 Mei

Nilitaka kwanza aione kwa macho sababu ya bastola nyepesi kupiga teke. Nilichonga magogo mawili ya mti ya umbo moja, nikayajaza washa za chuma mpaka moja likafika gramu 410 na la pili gramu 550, ambao ni karibu uzito wa bastola ya namna hiyo yenye fremu ya chuma cha pua au chuma cha kawaida. Kila gogo nililining'iniza kwa nyuzi mbili za mita moja chini ya mwembe wa parsele yetu. Ndani yake niliweka springi inayosukuma kipande cha shaba, na nyuma yake sindano inayokwaruza kioo nilichokipaka masizi ya kibatari. Upepo wa asubuhi uliniharibia vipimo vya siku mbili, kwa hiyo nilihamia kwenye banda.

Kipande cha gramu 10 kililirudisha gogo jepesi nyuma sentimita 3.9, na gogo zito sentimita 2.9. Hilo nililitarajia. Lililonifurahisha zaidi ni jingine: kwa springi ile ile, kipande cha gramu 7 kilitoka kwa kasi kubwa kuliko cha gramu 10, lakini alama yake kwenye masizi, gogo likiwa lile jepesi, iliishia sentimita 3.3. Nilimtumia picha ya kioo, mistari mitatu myeupe juu ya weusi, akaelewa bila maelezo mengi kwamba mkono hausukumwi na kasi peke yake, bali na kasi ikizidishwa kwa uzito.

1 Juni

Nimehamisha hesabu hiyo kwenye risasi zenyewe. Huko vichwa vya risasi, yaani vile vipande vinavyoruka, hupimwa kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648. Kichwa bapa cha risasi cha greni 148, ambacho wapiga shabaha hukiita wadikata, kina gramu 9.6 na hutoka kwenye mtutu mfupi kwa takriban mita 200 kwa sekunde. Kichwa cha Speer Gold Dot cha greni 135, kilichobuniwa kwa ajili ya mitutu mifupi, kina gramu 8.75, na mtengenezaji anakitangazia mita 262 kwa sekunde. Katika bastola ya gramu 410, cha kwanza huirudisha kwa mita 4.7 kwa sekunde na cha pili kwa mita 5.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila nishati inayofika kiganjani hupanda kutoka jouli 4.5 hadi 6.4. Hapo sijahesabu gesi ya baruti, ambayo nayo inasukuma, wala uzito wa risasi zilizomo ndani, ambao unapunguza kidogo.

Risasi hii ya pili ina alama ya +P, maana yake shinikizo lake linapita kiwango cha kawaida cha .38 Special. Bastola yake imeruhusiwa kuzitumia, na nilimsomesha mstari huo katika kitabu cha mtengenezaji kwa sauti, mara mbili, kwa sababu baadhi ya bastola za zamani za fremu ya alumini hazikuruhusiwa.

15 Juni

Baridi ya Juni imeingia. Wiki hii nimeshughulikia kichwa chenye tundu, kama kile cha greni 135, kinachofunguka kama ua kinapoingia kwenye kitu chenye majimaji. Mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulikataza vichwa vya kufunguka katika vita kati ya mataifa, lakini polisi na raia wa Marekani huvitumia, na sababu yao ni nzito: kikifunguka, hupunguza mwendo haraka na hakina nguvu nyingi ya kumpita mtu na kumfuata mwingine aliye nyuma.

Shida ni kwamba kufunguka kunahitaji kasi, na mtutu mfupi ni mchoyo wa kasi. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, baada ya mapigano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986 yaliyowaua maajenti wake wawili, iliweka utaratibu wa kupima risasi katika jelatini ya asilimia 10, inayoiga nyama ya mwili, nayo hutaka kichwa kiingie kati ya sentimita 30 na 46. Kichwa chenye tundu kinachotoka polepole mara nyingi huziba kwa nguo nzito kisha hupita bila kufunguka. Kingine hufunguka mapema mno na kuishia kabla ya sentimita 30. Wadikata haina ahadi ya kufunguka, kwa hiyo haina ahadi ya kuvunja: ukingo wake mkali hukata tundu la upana wake wote na huingia kina cha kutosha.

Nakiri kwamba moyo wangu ulivutwa na vichwa vilivyotengenezwa kwa shaba tupu. Mtu aliyekulia Lubumbashi, akiliona bomba la moshi la kiwanda kila asubuhi, hawezi kuisoma shaba kama chuma cha wageni. Lakini kwa kuwa shaba ina msongamano wa 8.96 na risasi yenyewe, yaani madini ya plumbamu, 11.3, kichwa cha shaba chenye uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi na kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, kile kikombe cha chuma kinachoshika kichwa na baruti. Ndiyo maana katika .38 hupatikana zaidi vyepesi, vya greni 110 hivi. Nimeviweka kando.

Aliniuliza pia kuhusu kuta za nyumba anayopanga, kwa kuwa jirani ana watoto. Nilimwambia ukweli mchungu: risasi yoyote inayofaa kwa kazi hii hupita mbao za jasi kana kwamba ni karatasi. Basi amechora ramani ya vyumba vyake, akatia alama pande ambazo hatapiga kamwe, hata ikiwaje.

29 Juni

Kipimo hiki ndicho nilichokingoja. Bastola nyepesi inaporuka nyuma ghafla, ganda linakwenda nayo kwa sababu ukingo wake umeshikwa na silinda, ilhali kichwa, kwa uzito wake, kinataka kubaki kilipo. Mdomo wa ganda usipokibana vizuri, kichwa hutoka kidogo kidogo kila inapopigwa nyingine, mpaka kinachomoza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Hapo bastola imekufa mkononi, na hakuna kuivuta upya kama bastola ya magazini.

Nilimwelekeza aitie alama risasi ya tano kwa kalamu ya wino, aipime urefu kwa kalipa, rula ya taya mbili, apige nne, aitoe, aipime tena. Alijaribu aina tatu. Ile ya greni 135 haikusogea. Wadikata haikusogea. Ya tatu, ya greni 158 yenye kichwa cha plumbamu kisichovikwa shaba na alama ya +P, ilianza na milimita 37.9 ikaishia 38.6. Katika picha aliyonitumia, juu ya mdomo wa ganda ulionekana mkanda mwembamba wa kijivu, unaong'aa, ambao awali ulikuwa umefichwa ndani. Nimewahi kuona boliti zikifunguka hivyo kwenye mashine za kutikisa mawe ya madini. Risasi hiyo tumeikataa siku ile ile.

13 Julai

Kwa umbali wa mita saba, zile za greni 135 zilitua zote katika upana wa sahani ya ugali, lakini mwalimu alimwona akitengeneza upya mshiko baada ya kila moja, na baada ya ishirini kiganja kilikuwa chekundu. Wadikata tano zilitua katika upana wa kisahani cha chai, kwa haraka zaidi, naye akaomba kuendelea. Zilipiga juu kidogo kuliko zile za greni 135, kwa kuwa kichwa cha polepole hukaa mtutuni muda mrefu zaidi huku mtutu ukiinuka. Vilengeo vya bastola hii havirekebishiki, basi itambidi azoee.

Uamuzi wangu, ambao ameukubali: wadikata ndani ya silinda. Kasoro yake ni kwamba kichwa kimezama sawasawa na mdomo wa ganda, hakuna ncha ya kuongoza kwenye tundu la silinda wakati wa kujaza upya, na mtu mwenye haraka hugonga ukingo. Kwa sababu hiyo risasi tano za akiba mfukoni zitakuwa zile za greni 135, ambazo ncha yake ya mviringo huingia kwa urahisi.

20 Julai

Amepiga wadikata hamsini nyingine. Risasi ya tano ya kila duru ilipimwa kabla na baada: milimita 29.5, mara zote kumi. Ameninukulia tarakimu hizo katika daftari lake kwa wino wa buluu, nami nimezinakili katika langu.