Dakika ya 23

Nina rekodi 17 za mahojiano ya PhD yangu kwenye laptopu, zote nimezifanya mwenyewe, na kwa miezi kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni moja, kukaa na hedifoni masikioni na kuandika kila neno lililosemwa, pamoja na zile "aah" na "yaani" zake. Saa moja ya mahojiano inanichukua saa sita, siku nyingine saba. Wenzangu wengi wa PhD wanamlipa mtu awaandikie au wanaipa programu ya kompyuta ifanye, na siwalaumu kabisa, muda ni mdogo na kila mtu ana mzigo wake. Ila kama ndo unaanza utafiti wa kitaamuli, ule unaotegemea maneno ya watu badala ya takwimu, nakuomba zile tano za kwanza ziandike mwenyewe, maana nimekaa madarasa ya methodolojia mwaka mzima na hakuna hata moja lililonifundisha kuhoji kama ilivyonifundisha sauti yangu mwenyewe kwenye rekodi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Mi natafiti watu wanaouguza ndugu zao nyumbani kwa miaka mingi, nataka kujua wao wenyewe wanageuka kuwa nani kwenye hiyo safari. Mahojiano ya tatu nilikaa na mama mmoja anayemuuguza mume wake (nimebadilisha vitu kadhaa hapa asitambulike, na amenikubalia niandike hili). Nilikuwa na mwongozo wa maswali 14, kamati ya maadili imeshaupitisha, fomu ya ridhaa imesainiwa, taa nyekundu ya rekoda inawaka. Nikatoka pale nimefurahi sana, nikamtumia msimamizi wangu meseji kwamba leo nimepata data nzito. Wiki mbili baadaye nimekaa naandika, nafika dakika ya 23, namsikia mama anasema, "Yaani siku hizi mimi mwenyewe najiona kama..." halafu kimya. Sekunde mbili, nimezihesabu. Halafu sauti yangu inaingia: "Sawa mama, na kazi za nyumbani mnagawanaje?"

Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena, mara nane hivi. Unajiona kama nini? Tasnifu nzima ninayoandika imekaa ndani ya hiyo sentensi na mimi nikaikata ili niwahi swali la saba, ambalo kusema kweli angelijibu tu hata baada ya nusu saa.

Niliumia. Nikafungua na zile rekodi mbili za mwanzo nikaanza kuhesabu, na nilichokikuta ni neno "sawa". Kwenye mahojiano moja nimelisema mara 61. Kwenye maongezi ya kawaida ni neno zuri tu, linaonyesha unasikiliza, lakini kwenye mahojiano linafanya kazi nyingine kabisa, ukisema "sawa" umemfungia mwenzako mlango, umemwambia nimeshapata ninachotaka, tuendelee. Na mtu mwenye adabu zake ataendelea kweli, hawezi kukung'ang'aniza habari zake. Nadhani pia tumezoea kwamba watu wawili wakikaa kimya basi kuna tatizo, kwa hiyo unaona ni wajibu wako kukijaza kile kimya. Kumbe mtu anayetafuta neno la kitu ambacho hajawahi kukisema kwa sauti anahitaji sekunde tano, sita, hata kumi.

Baadaye nikasoma habari za William Foote Whyte, mwanasosholojia wa Marekani, yule aliyeishi na vijana wa mtaa mmoja wa Waitalia huko Boston miaka ya 1930 na kitabu chake kikatoka 1943. Naye mwanzoni alikuwa na haraka ya maswali, jioni moja akamuuliza mcheza kamari kuhusu polisi kuhongwa na mazungumzo yote yakaharibika, kesho yake mwenyeji wake aliyemwita Doc akamwambia apunguze hayo maswali ya nani na nini na kwa nini na lini, akae tu na watu, majibu atayapata bila hata kuuliza. Nilikuwa nimeshaisikia hiyo darasani na nikaiandika kwenye noti. Haikuwa imeniingia mpaka dakika ya 23.

Kuanzia mahojiano ya sita nikabadilisha. Mwongozo nikaukunja nikauweka chini ya daftari, natupia jicho mwishoni tu kuona kama kuna kitu nimesahau. Mtu akikwama namrudishia maneno yake ya mwisho kama yalivyo, "unajiona kama...", halafu nanyamaza na naangalia daftari nisimkazie macho. Na kwenye maandishi siku hizi kimya nakiandika, naweka mabano, kimya, sekunde 9, maana nimegundua maneno mazito karibu yote yanakuja baada ya hayo mabano. Ukimpa mtu mwingine akuandikie asipoweka hiyo alama unapoteza kitu ambacho hutajua hata kama ulikuwa nacho.

Hapo ndo linakuja swali ambalo kila mtu ananiuliza, mbona 17 tu, utafiti gani huo. Kuna makala ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006, walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria na wakaona mpaka kufika mahojiano ya 12 misimbo mingi, yaani zile lebo mtafiti anazobandika kwenye vipande vya maneno ya watu, walikuwa wameshaipata. Watu wanaichukua 12 kama sheria wakati wenyewe walisema inategemea kundi lako linafanana kiasi gani na unauliza nini. Mi ningeongeza, inategemea na unavyosikiliza, maana mahojiano yangu ya kwanza matano ukiyaweka pamoja hayafikii moja la mwisho.

Koding yenyewe, yaani hiyo kazi ya kubandika misimbo, sitaisemea sana leo, nilianza na misimbo 140 na kitu, sasa iko 38, bado naipunguza. Ila hii sentensi ya "dhamira ziliibuka kutoka kwenye data", dhamira zikiwa yale mawazo makuu yanayojirudia, nimeifuta kwenye sura yangu ya tatu. Braun na Clarke, watafiti wanaofundisha namna ya kuchambua dhamira, wamelisema hili vizuri sana, dhamira haziibuki zenyewe, mtafiti ndo anazijenga, na mimi kama niliweza kukata sentensi ya mtu katikati basi nilikuwa naijenga hiyo data tangu rekoda haijapoa.

Nilirudi kwa yule mama, miezi minne baadaye. Sikwenda na swali, nilimpelekea maandishi ya mahojiano yake ayasome aone kama nimemnukuu sawasawa. Akasoma taratibu, kidole kinafuata mistari, akafika pale, akasimamisha kidole. Nikanyamaza. Akasema, "Hapa sikumaliza." Nikamwambia ni mimi mama, nilikukatiza, naomba unisamehe. Akaangalia rekoda mezani, akaniuliza inaweza kuzimwa. Nikaizima.

Akaongea karibu dakika arobaini, akamaliza ile sentensi na nyingine nyingi baada yake. Alipokuwa ananisindikiza nikamuuliza kama naweza kuyatumia yale maneno, hata bila jina, akafikiri kidogo akasema, "Hayo yaache, mwanangu, nilikuwa nakwambia wewe." Msimamizi wangu alitaka tuone kama kuna namna ya kuyaingiza kwa mbali, nikakataa, akanielewa. Jioni ile sikuandika chochote kwenye daftari la fildi zaidi ya tarehe na saa. Kwenye tasnifu sentensi yake itabaki kama ilivyo kwenye rekodi, na vidoti vitatu mwishoni, halafu mstari unaofuata ni mimi nasema sawa mama.